Mawe ya Mwani Chini ya Jukwaa

Nilipofungua stoo ya maabara Jumatatu ile, nilidhani tumeibiwa. Rafu tatu za ukutani zilikuwa tupu. Zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe, na juu ya rafu ya kati palipangwa vikombe viwili vya michezo na maua ya plastiki. Trei za mayai zilizokuwa zimekaa pale kwa miaka, moja juu ya nyingine, hazikuwepo hata moja. Na mawe yaliyokuwa ndani ya trei hizo, kila jiwe na shimo lake kama yai, hayakuwepo.

Nilikuwa nimetoka msibani Korogwe kumzika mama mdogo. Siku tisa tu nilikuwa sipo.

Nilikuwa mhudumu wa maabara katika shule ile kwa miaka kumi na minane. Ni shule ya mtu binafsi, iko nje kidogo ya mji wa Tanga, na jina lake silitaji kwa sababu watoto wanaosoma pale hawana kosa. Mhudumu wa maabara ni mtu anayeosha bikari, anayepima kemikali kabla ya mtihani wa vitendo, anayekamata vyura wa kupasuliwa, anayejua hadubini ipi inaona na ipi imebaki pambo. Ni mtu ambaye mwisho wa mwaka, walimu wakipiga picha, haitwi. Nililijua hilo na sikuwahi kulilalamikia, kwa hiyo asije mtu akadhani hasira ninayoisimulia hapa ilitokana na cheo.

Nilitoka nje. Karibu na uwanja wa paredi, fundi ujenzi alikuwa anapiga lipu jukwaa jipya la mahafali. Nilimsalimia, nikamuuliza kama ameona mtu akitoa vitu stoo. Aliweka mwiko chini. Nilimwona usoni kwamba ameshajua ninachokitafuta.

Alinieleza kwa adabu. Mkuu wa shule alikuwa amesema stoo isafishwe kabla ya mgeni rasmi wa mahafali kufika. Wakati huohuo jukwaa lilikuwa limepungukiwa kifusi cha kujazia ndani. Mkuu akaona amepata dawa ya mambo mawili. Vijana wakabeba mawe kwa toroli tangu asubuhi hadi saa sita, wakayamwaga, wakayashindilia, siku ya pili zege likamwagwa juu. Trei zilichomwa moto pamoja na takataka.

"Mama, tungejua ni vitu vya maana tusingeyagusa," aliniambia. "Lakini yalionekana mawe tu."

Sikumlaumu yeye, hata leo simlaumu.

Mawe yale yalikuwa ya mwalimu wetu wa baiolojia, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki. Alikuwa Mpemba, aliyevuka kuja Tanga akiwa kijana na hakurudi kwao tena ila kwa arusi na mazishi. Alikuwa mkali, mbahili wa chaki, mwepesi wa kugombana. Aligombana na wapishi kwa sababu ya maharage yenye wadudu, akagombana na walimu wenzake kwa sababu ya ratiba. Mimi aliniita bibie tangu siku ya kwanza, na miaka miwili ya mwanzo sikumbuki aliniambia neno jingine zaidi ya "mwaga hilo, osha upya."

Siku moja wakati wa mapumziko nilimkuta kwenye sinki la maabara anasugua jiwe kwa msasa na maji. Nikadhani anatengeneza kinoo cha kunolea kisu. Alisugua mpaka upande mmoja ukawa laini kama sahani, akaulowesha, akanipa kioo cha kukuzia. Akaniambia nitazame pale penye kidole chake.

Niliona viduara vyeupe ndani ya jiwe la kijivu, vidogo kuliko punje za mtama, vimetobolewa matundu pembeni kama chujio la chai. Vingine vilikuwa vimekatwa kwa urefu, vikaonekana kama vijiti vilivyodungwa sindano pande zote. Nikamuuliza ni kitu gani. Akasema ni mwani, tena mwani wa kijani. Nikacheka, kwa sababu jiwe lenyewe lilikuwa la kijivu, na lilikuwa limetoka kwenye kisima alichochimbiwa jirani yake, mbali na ufuo.

"Ulikuwa kijani ulipokuwa hai," akasema. "Na hapo penye kisima palikuwa bahari. Usicheke, bibie. Tazama tena."

Nikatazama tena. Tangu siku hiyo sikuacha kutazama.

Mimi ni mtoto wa kambi za mkonge. Baba alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, akabaki. Tulikulia kwenye nyumba za safu, kanisa la Wakatoliki upande huu na la Walutheri upande ule, na bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na miwili. Shule niliishia kidato cha nne. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mawe yaliyojengea msingi wa nyumba yetu yana kitu ndani yake. Mwalimu aliniambia, na aliniambia kama mtu anayemweleza mtu mwenye akili. Alisema mwani wa kijani ni ukoo mkongwe kuliko miti, kuliko majani, kuliko samaki. Ukoo huo uligawanyika zamani mno. Tawi moja likazoea maji baridi, na humo ndimo ilimotoka mimea yote ya nchi kavu, kuanzia ukoka mpaka mnazi. Tawi jingine ndilo lililojaa baharini, na bado liko baharini.

Nikamuuliza, kama ni ukoo mkubwa hivyo, mbona mabaki yake ni machache? Akaonekana kufurahi, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra. Akasema karibu mwani wote ni laini, ukifa unaoza na haubaki hata kivuli. Ila upo mchache unaojijengea koti la chokaa ukiwa hai. Mwani ukifa, koti linabaki, linafukiwa, linageuka jiwe. Kwa hiyo tunachokiona kwenye jiwe ni koti tu, na yale matundu ya chujio ni mahali vitawi vyake vilipotokea. Mawe ya chokaa ya Tanga, alisema, ni ya zama za mijusi wakubwa, mamilioni ya miaka iliyopita, na baadhi yamejaa makoti hayo.

Miaka hiyo mamilioni ilinitia hofu kidogo. Nilimuuliza kama dini yake inaruhusu. Mtu yule aliyekuwa haachi sala hata moja akanijibu kwamba dini yake inamkataza kusema uongo, na jiwe halijasema uongo. Akaniambia niende nikaoshe bikari.

Baadaye alinipeleka Kigombe, kijiji cha pwani, siku ya bamvua, maji yalipokauka hadi kwenye mwamba. Tulikwenda na mwanamke mmoja wa hapo aliyekuwa akiokota pweza, kwa sababu yeye ndiye aliyejua pa kukanyaga. Mwalimu alikunja suruali, akapiga magoti majini na viatu vyake vya plastiki, akatuonyesha. Kwanza akatuonyesha mwani wenye majani magumu ya duara kama sarafu ndogo zilizoshonwa pamoja, akasema mchanga mweupe tuliokuwa tukiukanyaga sehemu yake kubwa ni majani hayo yaliyokufa. Kisha akatafuta kwa muda mrefu kwenye tumbawe lililokufa, mpaka akapata alichokuwa anakitaka. Kilikuwa kidole kidogo, urefu wake hauzidi kucha, chini cheupe, juu kijani. Akasema kiumbe kile chote ni seli moja tu, na kwamba huyu ni jamaa wa damu wa yule wa kwenye jiwe la kisimani.

Yule mwanamke aliinama, akatazama. "Hivyo twavikanyaga kila siku," akasema. Halafu akaanza kuangalia anapokanyaga. Niliona, na mwalimu aliona.

Kuanzia hapo tulikusanya kwa miaka. Jumamosi tulikwenda penye visima vinavyochimbwa, kwenye machimbo ya zamani ya chokaa, kwenye kingo za barabara zilizokatwa. Kazi ya msasa ilikuwa yake. Kazi ya namba ilikuwa yangu. Nilipaka nukta ya rangi nyeupe ya kucha, ikikauka naandika namba juu yake kwa wino usiofutika. Kisha kwenye kaunta buku tunaandika namba hiyo, mahali jiwe lilipookotwa, tarehe, na kilichoonekana ndani. Alinisisitizia mahali kuliko kitu kingine chochote. Jiwe lisilojulikana limetoka wapi, alisema, ni kama mtoto aliyeokotwa sokoni. Unaweza kumpenda, lakini huwezi kumuuliza habari za kwao.

Alituma vipande vinne chuo kikuu, amevifunga kwenye pamba, pamoja na barua ndefu. Hakujibiwa. Mwaka uliofuata alituma barua nyingine, nayo haikujibiwa. Halafu mapafu yakamsumbua, akastaafu, akafa. Siku alipotoka shuleni alinipa ufunguo wa stoo na kaunta buku. Hakuniachia maneno ya wosia. Aliniambia mende wanapenda trei za mayai, niweke dawa.

Hayo ndiyo mawe aliyoyamwaga mkuu wa shule.

Nilikwenda ofisini kwake asubuhi ileile, kabla sijavua kanga ya msiba. Alikuwa kijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho. Hakuwahi kuniamkia hata siku moja. Salamu yake kwangu ilikuwa "kazi inaendaje," naye alikuwa ameshapita kabla sijajibu. Hakunipa pole ya msiba. Nilimwambia kwamba mawe yaliyokuwa stoo ni visukuku, yaani viumbe vya kale vilivyogeuka jiwe, na kwamba yalikusanywa kwa miaka kumi na zaidi.

"Mama, mawe ni mawe," alisema. "Tanga hii yamejaa kila mahali. Ukitaka nitakuletea lori zima."

Nikamwambia kila moja lilikuwa na namba. Akasema hata kuku anaweza kuvishwa namba. Nikamwambia yalikuwa na daftari lake. Hapo akabadilisha wimbo, akaniuliza kama ni mali ya shule, mbona hayamo kwenye orodha ya vifaa. Kila mwaka niliyaandika kwenye orodha ya vifaa. Kila mwaka ofisi yake iliyafuta kwa kalamu nyekundu, na pembeni mtu aliandika kwamba jiwe si kifaa. Niliyasema hayo yote, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Akatazama simu yake, akaniambia nina uchovu wa msiba, niende nikapumzike.

Nikaenda, lakini si kupumzika. Nyuma ya jukwaa palikuwa na lundo la mabaki ya ujenzi. Nilichuchumaa pale mpaka saa kumi jioni nikichambua kokoto, mchanga na mapande ya zege. Nilipata mawe kumi na moja ya kwetu, niliyoyatambua kwa ule upande uliosuguliwa. Matatu tu yalikuwa na namba inayosomeka. Walimu walipita wakiniona. Mmoja aliniuliza kama nimeangusha hereni.

Mahafali yalifanyika. Mgeni rasmi alisimama juu ya jukwaa lile akahutubia kuhusu umuhimu wa sayansi kwa taifa. Mimi nilikuwa nagawa maji ya chupa.

Ilipita kama miezi miwili. Siku moja mkuu akaniita, mara hii akanikaribisha kiti. Alikuwa na barua. Mtafiti mmoja wa chuo kikuu alikuwa amekabidhiwa ofisi ya mtu aliyestaafu, na ndani ya kabati akakuta vipande vinne kwenye pamba pamoja na barua ya mwalimu. Alitaka kuja kuuona mkusanyiko mzima. Mkuu aliisoma barua hiyo mara mbili kwa sauti, kama amepata zawadi. Alishapanga picha zitakazowekwa kwenye ukurasa wa shule na maneno atakayoyasema. Kulikuwa na tatizo moja dogo, akasema, lakini dogo tu.

"Hebu tufanye hivi," akaniambia. "Wewe unayo lile daftari. Tafuta mawe mengine, yapake namba zilezile, uyapange vizuri kwenye trei. Mgeni ataangalia dakika kumi, atapiga picha, ataondoka."

Ningependa kuandika kwamba nilisimama nikamkatalia palepale. Sikumkatalia. Nilisema nimesikia. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha Desemba, mume wangu amestaafu reli, na mtoto wetu wa mwisho alikuwa bado chuoni. Uoga unakuwa na sababu nzuri siku zote.

Jumamosi nilikwenda na gunia hadi ufuoni, nikaokota mawe kama mtu anayeokota kuni. Jumapili baada ya misa nilikaa barazani kwetu Makorora, gunia pembeni, kaunta buku mapajani, chupa ya rangi ya kucha mkononi. Watoto wa jirani walikuwa wanacheza rede mbele ya nyumba. Nilipaka nukta ya kwanza, nikaandika moja. Nikapaka ya pili. Ya tatu. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake akinitazama. Aliniambia niandike tu, nani atajua.

Nilipofika kwenye jiwe la sita nilifungua ukurasa kutazama maelezo yake. Yalikuwa kwa mwandiko wa mwalimu, maana siku hiyo mimi nilikuwa nimebeba mfuko. Aliandika mahali, shimo la choo nyuma ya shule ya msingi, kina cha kimo cha mwanaume mmoja na nusu. Aliandika alichokiona ndani ya jiwe, viduara vingi, vimejipanga upande mmoja kama vilisukumwa na maji. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: jua kali, bibie amenung'unika njia nzima lakini jiwe kaliona yeye.

Nilifunga chupa. Nikachukua pamba na dawa ya kutolea rangi, nikafuta zile nukta tano. Nilikuwa nalia, lakini kwa hasira, hasira ya kujiona nimekaa barazani kwangu, Jumapili, nafanya kwa mkono wangu mwenyewe kazi ya kumzika mwalimu mara ya pili. Mume wangu aliinuka. Alinyanyua gunia akaliweka ndani.

Jumatatu nilimpelekea mkuu mawe yake yakiwa matupu. Nilimwambia siwezi kuyaandika namba za uongo. Alikunja uso, akafikiri, akasema basi yapangwe hivyohivyo, na mgeni akifika mimi nisiseme kitu, yeye ndiye atakayezungumza.

Mgeni alikuja Alhamisi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa buti zenye vumbi. Alipoingia maabara mkuu alimtambulisha kwa walimu wawili, na mimi akaniruka. Yule dada akanifuata pale penye sinki nilipokuwa nimesimama, akaniambia shikamoo. Nilisema marahaba kwa kuchelewa, kwa sababu ndani ya chumba kile nilikuwa nimeizoea salamu hiyo kwa wanafunzi tu.

Mkuu alizungumza kwa muda mrefu kuhusu urithi na uzalendo. Yule dada alichukua jiwe la kwanza, akalitazama kwa kioo chake, akaliweka. Akachukua la pili. Alipofika la nne alivua miwani.

"Haya ni matumbawe ya pwani," alisema taratibu. "Si ya zamani sana. Aliyotuma mwalimu yalikuwa kitu kingine kabisa."

Mkuu akacheka kidogo. Akasema anaomba radhi, tatizo ni mhudumu wao, elimu yake ni ndogo, bila shaka amechanganya mawe wakati wa kufanya usafi.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama niliamua kusema au maneno yalitoka yenyewe. Nilichokumbuka wakati ule ni zile nukta tano nilizozifuta. Nikaweka kitambaa juu ya sinki.

"Sijachanganya," nikasema. "Mawe ya mwalimu yako chini ya jukwaa la mahafali. Uliyamwaga kama kifusi nikiwa msibani. Na haya uliniagiza niyaokote ili umdanganye mgeni."

Mwalimu mmoja alitazama dirishani. Mimi niliendelea, sasa kwa sauti ya kawaida, nikaeleza yote tangu kisima cha jirani hadi trei zilizochomwa. Nikatoa mfuko wangu wa yale kumi na moja, nikauweka mezani, na kaunta buku juu yake.

Sikumwacha salama hata mgeni. Nilimwambia kwamba vipande vile vinne vilikaa kwenye kabati lao mwalimu akiwa hai, na kwamba alikuwa akiniuliza kila wiki kama kuna barua. Kama wangemjibu mistari miwili tu, mkuu huyu angejua kwamba mawe yale yana mwenyewe. Yule dada hakujitetea. Alisema ni kweli, na ni aibu.

Alikwenda hadi kwenye jukwaa, akalizunguka mara moja, akaweka kiganja kwenye lipu, akarudi. Hapakuwa na la kufanya. Hata wangelivunja, namba zilikuwa zimesagika, na mawe bila namba yangekuwa yaleyale ya mtoto aliyeokotwa sokoni. Alikaa kwenye meza ya maabara mpaka saa nane akipiga picha kaunta buku ukurasa kwa ukurasa. Katika yale kumi na moja alilishika moja kwa muda mrefu, mojawapo ya yale matatu yenye namba. Akaniuliza kuhusu shimo lilipotoka, udongo ulikuwa wa rangi gani, maji yalionekana kwa kina gani. Nilimjibu kila swali. Nadhani hayo ndiyo yalikuwa masaa pekee katika miaka kumi na minane ambayo mtu alinihoji pale kwa jambo ninalolijua.

Wiki iliyofuata nilipewa barua ya onyo. Kosa langu lilikuwa kumdhalilisha mkuu wa shule mbele ya mgeni. Nilitakiwa niandike barua ya kuomba radhi. Niliisoma ile barua mara tatu nikitafuta kama mahali popote pametajwa mawe. Hayakutajwa. Sikuandika radhi. Desemba mkataba haukurudiwa, na mwenye shule, niliyemfuata hadi nyumbani kwake, alinisikiliza kwa heshima, akaniambia mkuu ni kijana mwenye maono.

Siku hizi nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya shule Usagara, natoa nakala na kupiga lamineti vyeti vya watu. Yule dada wa chuo kikuu alikuja mara moja, tukaenda naye sehemu mbili zilizomo kwenye daftari. Kwenye moja tulikuta nyumba ya wageni imejengwa juu yake. Kwenye nyingine, ukingo wa barabara, tulipata mawe manne, mawili yana viduara. Aliyabeba, akaniahidi kuandika jina la mwalimu kwenye lebo. Namwamini. Lakini mawe manne si trei thelathini, na sitaki mtu aniambie niridhike.

Watu wananiambia nisamehe. Padre ameniambia, mume wangu ameniambia, hata shemeji yake mwalimu, nilipokwenda kuwajulia hali, aliniambia marehemu hana kinyongo tena. Huenda marehemu hana. Mimi ninacho. Hasira yangu haitokani na ujinga wa mkuu, kwa sababu hata mimi nilikuwa mjinga mbele ya jiwe lile la kwanza, nikacheka. Inatokana na kwamba aliambiwa na hakutaka kutazama. Kioo cha kukuzia kilikuwa kwenye droo, hatua ishirini kutoka ofisini kwake.

Mwezi uliopita nilikutana naye sokoni. Nilikuwa nachagua nazi. Alikuja na tabasamu, akaniita mama, akaniuliza hali za nyumbani kana kwamba tuliagana vizuri. Nikaitikia salamu yake, kwa sababu salamu huitikiwa. Akasema anafurahi kuona sina neno, yale mambo yameshapita.

"Kwako yamepita," nikamwambia.

Nikamgeukia muuza nazi, nikamwomba anipasulie moja nionje maji yake kwanza.